Turudishieni chumba cha kusomea: barua ya wazi kwa Meya na Karani wa Mji

Kwa Mheshimiwa Meya,
Karani wa Mji,
na Waheshimiwa Madiwani wa Manispaa yetu.

KUH: CHUMBA CHA KUSOMEA CHA MAKTABA YA UMMA

Mheshimiwa Meya,

Pokea salamu zangu na heshima zangu. Nisingependa barua hii ikwame ofisini, kama zile tatu zilizoitangulia. Ya kwanza niliileta kwa mkono wangu mwezi wa pili mwaka juzi, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nikarudi nyumbani na nakala. Nilipoleta ya pili nikaambiwa faili limepanda kwa mkubwa. Nilipoleta ya tatu nikaambiwa faili limeshuka. Tangu hapo sijui limekwama ngazi ipi, nami ni mwalimu, siwezi kushinda kwenye veranda ya Manispaa huku watoto wa watu wananisubiri darasani. Ndiyo maana leo nasema hadharani. Mniwie radhi kama sauti imepanda kidogo.

Nitaje ninachotaka mapema, ili asiye na nafasi asihangaike kusoma hadi mwisho. Naomba dawati la leseni za biashara liondoke kwenye chumba cha kusomea cha maktaba, na chumba hicho kirudi kwa wasomaji. Sikuja kuomba jengo jipya wala kompyuta. Naomba chumba ambacho tayari ni chetu.

Kwa wale ambao hawakukikuta kikiwa chumba cha kusomea: ukiingia mlango mkubwa, ni upande wa kulia. Madirisha pande mbili, sakafu ya saruji nyekundu iliyokuwa ikisuguliwa kila Ijumaa hadi unajiona, na meza sita ndefu za mvule. Karibu na mlango palikuwa na magazeti yaliyobanwa kwenye fito ili mtu asiondoke nayo. Ukurasa wa matangazo ya kazi, lakini, kila mara ulikuwa umekatwa kwa wembe na aliyewahi kufika, na hadi leo sijamsamehe. Mimi niliingia humo mara ya kwanza mwaka 1988. Baba alikuwa karani wa reli, tukikaa kwota, na Jumamosi moja akanishika mkono akanipeleka akaniandikisha. Mkutubi wa wakati huo, mama mmoja mkali, alinikagua viganja kabla ya kunipa kitabu. Nilirudishwa bombani mara mbili.

Chumba hicho hakikuota kama uyoga. Mwaka 1948 iliundwa East African Literature Bureau, na kabla ya mikoa yetu kuwa na maktaba ya maana, ofisi hiyo ilikuwa ikisambaza vitabu ndani ya masanduku na kwa njia ya posta. Mwaka 1960 mkutubi wake, Sidney Hockey, aliandika ripoti iliyoshauri nchi za Afrika Mashariki zijenge huduma zao za maktaba. Tanganyika ilitunga sheria mwaka 1963. Sisi Uganda tulipata Bodi ya Maktaba za Umma mwaka 1964. Kenya ikafuata 1965. Naam, Wakenya tuliwatangulia kwa mwaka mzima, na nawaambia hivyo kila wanaponicheka Kiswahili changu. Matunda ya kazi hiyo ndiyo maktaba za miji kama wetu: mtu wa kawaida, asiye na cheo wala digrii, anaingia anakaa anasoma, hakuna anayemuuliza yeye ni nani.

Sasa anaulizwa. Nayataja malalamiko yangu kwa namba, ili yeyote atakayejibu asiseme hakuelewa aanzie wapi.

1. "Kwa muda" imegeuka kuwa miaka.

Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na maktaba nayo ikafungwa. Dawati la leseni wakati ule lilikuwa kwenye kile kichumba cha karibu na ngazi, wafanyabiashara wakipumuliana usoni. Kulihamishia kwenye chumba kikubwa chenye hewa, foleni ipate nafasi ya kuachana, ulikuwa uamuzi wa busara, na ningekuwa diwani ningeuunga mkono. Tuliambiwa ni kwa muda. Shule zikafunguliwa Januari 2022, barakoa zikaishia kwenye mifuko ya makoti, na zile alama za rangi sakafuni za kuonyesha pa kusimama zimefutika kwa viatu vya watu. Dawati halijaondoka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wetu kapewa chumba, na mwaka jana akatundika mapazia.

Wasomaji tumesukumwa kwenye stoo. Kuna dirisha moja na mabenchi mawili. Wakikaa watu wanane, wa tisa hana pa kuweka magoti. Vitabu vimerundikwa nyuma ya kaunta, kwa hiyo unaandika jina la kitabu kwenye kikaratasi na mkutubi anakwenda kukitafuta, kama duka la dawa. Lakini mtu haendi maktaba akiwa tayari anajua anachokitaka, au si kila mara. Mimi vitabu vilivyonifaa zaidi maishani nilivikuta nikitafuta kingine, kichwa nimekiinamisha upande mmoja nikisoma migongo ya vitabu kwenye rafu. Jambo hilo haliandikiki kwenye kikaratasi.

2. Askari mlangoni.

Kwa kuwa ndani kuna nyaraka za mapato na kompyuta za ofisi, mlango mkubwa sasa una askari mwenye bunduki. Simlaumu, kapangiwa zamu. Nawaeleza tu nililoliona Jumatano moja alasiri, nikiwa nimekaa ukingo wa veranda nasubiri kikaratasi changu kijibiwe. Alikuja mtoto wa kiume, nadhani wa miaka tisa hivi, pekupeku, daftari kalichomeka kiunoni kwenye kaptula. Askari akamuuliza, "Wewe, umekuja kulipa leseni?"

"Nimekuja kusoma."

"Kusoma ni shule. Hapa ni ofisi."

Mtoto alisimama kidogo, akatazama lile bao la juu ya mlango lililoandikwa PUBLIC LIBRARY, akamtazama askari, akageuka. Nilimwita, lakini alikwishavuka barabara kati ya boda boda. Sijui kwao ni wapi. Kila Jumatano naangalia kama atarudi.

3. Saa za kufungua.

Maktaba inafunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Saa hizo mwanafunzi yuko darasani na muuza duka yuko dukani. Jumamosi, siku ambayo baba yangu alinishika mkono, hatufunguliwi, kwa kuwa ofisi ya leseni haifanyi kazi na jengo lote linapigwa kufuli. Katika mwezi wa kumi na wa kumi na moja, wakati wa mitihani ya taifa, watahiniwa wangu wanasomea chini ya taa ya kituo cha mafuta. Mwenye kituo ni muungwana, hawafukuzi.

4. Kiswahili kimekosa rafu.

Hapa naomba mnivumilie, ndiyo kazi yangu. Katiba yetu, tangu marekebisho ya 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 umekifanya somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakipitisha kuwa lugha rasmi na kuagiza kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Mtaala huohuo unamtaka mwanafunzi afanye utafiti mwenyewe na aandike mradi, si kukariri maelezo ya ubaoni. Atafitie wapi? Shule yangu haina maktaba. Ina kabati, na ufunguo uko kwa mwalimu mkuu msaidizi.

Mwaka jana, tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani tuliadhimisha katika uwanja wa maktaba, kwenye majani. Mheshimiwa Meya, ulituhutubia vizuri, na wanafunzi wangu walikupigia makofi ya kweli. Ulisema wako wanaokiogopa Kiswahili wakidhani ni lugha ya askari na wezi, na kwamba mji wetu utawaonyesha tofauti. Baada ya hotuba binti mmoja wa kidato cha pili alinishika mkono wa gauni akasema, "Mwalimu, naomba kuona vitabu vya Kiswahili." Tukaenda. Mkutubi, kwa hisani yake, akatuingiza ndani ya chumba cha kusomea ili tutazame rafu zilizobaki.

Wasiojua mambo ya maktaba niwaeleze: vitabu hupangwa kwa namba, na lugha ya Kiswahili ina namba yake, 496.392. Ukiijua namba hiyo unaweza kuingia maktaba nyingi duniani zinazotumia mpango huo ukakiendea Kiswahili bila kuuliza mtu. Tuliipata. Kilebo bado kimegandishwa kwenye ukingo wa rafu, kwa mwandiko uleule wa mama mkali, wino umegeuka kahawia. Juu yake palikuwa na mafaili ya leseni za mabucha, kuanzia A hadi K. Binti akasoma namba, akasoma migongo ya mafaili, akaniangalia. Vitabu vyenyewe vilipotafutwa stoo vilipatikana vitano, na kimoja hakina kurasa za mwanzo.

5. Vitabu vinapotea, na havijahesabiwa.

Sokoni, kwenye mwembe wa wauza mitumba, nimenunua kitabu chenye muhuri wa maktaba yetu. Shilingi elfu mbili. Kijana aliyeniuzia hakuiba, alisema alikikuta kwenye mzigo wa makaratasi ya kufungia chapati, na namwamini. Ndani ya jalada bado ipo karatasi ya tarehe za kurudisha. Mihuri inaanza 1971, mwaka 1972 kiliazimwa mara nne, kisha mara mojamoja, wa mwisho Februari 1979. Halafu pengo. Watu wa umri wangu wanajua pengo hilo lilikuwa nini. Muhuri unaofuata ni wa 1984, na kuanzia hapo mihuri inashikana hadi karatasi inajaa, wakagandisha ya pili juu yake. Kitabu hicho kilivuka vita vya 1979 na uporaji wote uliofuata. Kikashindwa kuvuka uhamisho wa ghorofa moja.

Nimekirudisha, na nilisaini kwenye daftari. Ila nikiwa stoo niliona maboksi mawili ya vitabu vya msaada, bado yamefungwa kwa utepe, chini yake mchwa wameshajenga. Yako mashirika yanayotoa vitabu: Book Aid International ya Uingereza, kwa mfano, imekuwa ikivileta nchini kwa miaka mingi kupitia Maktaba ya Taifa. Atakayevituma tena akisikia tunawalisha mchwa ni nani?

Nikiri pia kwamba mkutubi wetu wa sasa hakuniambia lolote kati ya haya. Yote nimeyaona kwa macho yangu. Naomba barua hii isimrudie kwa ubaya, wala asipewe uhamisho wa ghafla.

Sasa, majibu nayajua, maana nimekwisha kuyasikia mlangoni, koridoni na hata msibani.

Nitaambiwa hakuna pesa. Lakini mapazia yalinunuliwa. Na mimi sijaomba pesa: meza za mvule bado zipo, nne zinabeba risiti na mashine ya kutolea nakala, mbili ziko nje nyuma ya jengo zikinyeshewa. Wazazi wa shule yangu wako tayari kuja Jumamosi moja kuzibeba na kuzisugua. Fundi seremala tumeshampata, anataka chakula cha mchana tu.

Nitaambiwa maktaba ni mambo ya Kampala, niende Maktaba ya Taifa. Nilikwenda, nikapokewa vizuri, nikarudishwa kwenu. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ndiyo iliyoweka maktaba za umma mikononi mwa halmashauri. Sheria ya Maktaba ya Taifa ya 2003 iliifuta ile Bodi ya 1964 na kuunda Maktaba ya Taifa, lakini maktaba za miji haikuziondoa kwenu. Kampala wanashauri, wanafundisha wakutubi, wanagawa vitabu. Anayeamua mlango uwe wa nani ni ninyi.

Nitaambiwa vijana siku hizi wanasoma kwenye simu. Wachache, ndiyo. Wengi wa wanafunzi wangu hawana simu, na wenye nayo wananunua data ya kupimwa kama mafuta ya taa, ambayo tangu Julai 2021 ina ushuru wa asilimia 12. Mtoto anafungua ukurasa mmoja, data inakata, anabaki na nusu ya sentensi. Nimesahihisha miradi iliyoishia hivyo.

Nitaambiwa hakuna anayekuja. Jumatano ile ya yule mtoto nilihesabu, kwa kuwa sikuwa na la kufanya: kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja walikuja watu thelathini na mmoja kutafuta pa kukaa na kusoma. Kumi na saba waligeuka. Mkiwafukuza watu mlangoni, msihesabu viti kisha mkasema vilikuwa vitupu.

La mwisho ndilo zito, na silidharau: leseni ni mapato, na bila mapato hata taa za barabarani hatuna. Kweli. Wala wafanyabiashara si maadui zangu, mume wangu ana duka la spea na foleni ile anaisimama kila mwaka. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba ukumbi mdogo wa nyuma ya soko, ule uliopakwa rangi, umefungwa tangu umalizike kujengwa. Uko hatua chache kutoka kwa watu wenyewe wanaolipa leseni. Mama muuza samaki asingehitaji kufunga meza yake na kupanda kilima hadi maktaba kutafuta mhuri. Mkilipeleka dawati pale mtakuwa mmewasaidia wao na sisi kwa mkupuo mmoja. Kama ukumbi huo una kasoro nisiyoijua, tuambieni, maana kwa nje ni kufuli tu inayoonekana.

Kwa hiyo naomba haya:

(a) Tarehe. Nataka tarehe ya dawati kuhama, iliyoandikwa na kusainiwa na Karani wa Mji, ibandikwe mlangoni. Neno "karibuni" sitalipokea kuwa tarehe.

(b) Kuanzia sasa, hata kabla dawati halijahama, maktaba ifunguliwe Jumamosi saa tatu hadi saa kumi. Nyaraka za mapato zifungiwe kabatini. Askari aambiwe kwamba mtoto aliyekuja kusoma asizuiwe.

(c) Vitabu vihesabiwe, na orodha ya vilivyopo na vilivyopotea isomwe kwenye kikao cha halmashauri. Walimu watatu wa shule jirani na mimi tutasaidia bila malipo wakati wa likizo.

(d) Kumbukumbu za kikao kilichoamua chumba kitumike hivi. Madiwani wawili wameniambia hawakumbuki kupiga kura juu ya jambo hili. Pamoja na barua hii nawasilisha leo ombi rasmi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2005, inayowapa siku 21 za kujibu. Nimeanza kuzihesabu kwenye kalenda ya jikoni.

Mheshimiwa Meya, wewe mwenyewe ulipata kutuambia, siku ile ya majani, kwamba ulisomea mtihani wako wa kidato cha sita katika maktaba hii. Ulionyesha kwa mkono dirisha ulilokuwa ukikaa. Nililitazama nilipoingia na yule binti. Ni la tatu kutoka mlangoni, na sasa limezibwa kwa kabati la chuma.

Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi nitakuwa kwenye veranda ya maktaba na wanafunzi wangu wa kidato cha pili. Hatutabeba mabango wala kupiga kelele. Tutakuwa na mikeka, vile vitabu vitano, na vingine nilivyoazima kwa marafiki. Tutasoma hadi saa sita. Ukipita, karibu, kuna nafasi mkekani.

Wako mtiifu,

Mwalimu wa Kiswahili,
mwanachama wa maktaba tangu 1988.

Nakala:
Maktaba ya Taifa ya Uganda, Barabara ya Buganda, Kampala.
Mwenyekiti wa wafanyabiashara wa soko.
Ubao wa matangazo wa maktaba, ikiwa askari ataniruhusu kuufikia.